Wino wa Nyusi kwenye Mkono wa Mabula

Jumatatu, 3 Machi

Wateja watatu kabla ya mchana. Mmoja kope, wawili nyusi. Wa pili mwalimu, mwoga huyo, sindano haijamgusa kashaanza kulia. Nimemwambia anyamaze, wanafunzi wake wakimwona hivi je.

Wote wameuliza swali lile lile: zinakaa muda gani? Jibu langu nalo ni lile lile, nalisema hata usingizini. Mwaka, mwaka na nusu. Ngozi ya mafuta, chini ya hapo. Tatuu ni kitu kingine, sindano inazama, wino unalala huko chini mpaka unazikwa nao. Nyusi ninazochora mimi zinaishia juu juu, ngozi inazitoa yenyewe kidogo kidogo. Wanapenda kusikia hivyo. Mtu anataka cha kudumu, lakini kisidumu sana.

Mchana kaja Mabula, mdogo wangu. Sikumtegemea. Kakonda, macho juu juu. Yuko Masumbwe, porini huko machimboni, yeye na wenzake watano wana duara moja, shimo walilolichimba wenyewe, linazidi kwenda chini na dhahabu hawaioni. Mzee Luhende, mwenye duara, kaleta mganga. Wote sita wachanjwe mkono wa kulia, mistari mitatu, dawa nyeusi ipakwe kwenye damu. Ndio kiapo cha shimo, wasije wakaibiana mawe. Watano wamechanjwa tayari, kwa wembe mmoja. Wembe mmoja, watu watano! Mabula alijifanya ana malaria, akala kona. Wamempa dawa yake kwenye karatasi, akamalizie kwa mganga wa kwao.

Hataki. Ameokoka, anaimba kwaya. Ester mkewe ana mimba changa na kaapa kwamba akichanjwa asirudi nyumbani. Lakini bila alama hashuki shimoni, na jasho lake la mwaka mzima liko mle.

"Dada, si unachora watu? Nichore na mimi."

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemchora. Asubuhi, kabla sijafungua saluni.

Nimetumia kahawia iliyokoza, chupa ile ile niliyojichorea nyusi zangu mwenyewe mwaka juzi nilipokuwa najifunza kazi. Nyeusi ya nyusi sikuitaka, ikizeeka inaingia ubluu. Kahawia kwenye ngozi yake inafanana kabisa na chale za Mama. Chale za wembe huvimba, za kwangu ni bapa, kwa hiyo nimemwekea kivuli pembeni zionekane zimevimba. Mkono wangu huu jamani! Nimejipongeza mwenyewe.

Dawa ya mganga tumeimwaga chooni. Mabula kaomba kwanza, kamwaga, kaomba tena. Halafu kauliza itakaa muda gani. Mwaka, nikamwambia. Kasema unatosha, kufikia hapo shimo litakuwa limeisha na yeye yuko zake kwenye nyumba ya bati. Tumekunywa chai, tumetaniana kama zamani.

Alipoondoka nikajisikia vibaya. Sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Machi

Kapiga simu. Wamemkubali. Mzee Luhende kaushika mkono, kaupapasa kwa kidole gumba, kasema mganga wa kwenu ana mkono mwepesi. Wengine wamempa pole ya malaria. Ila kuna mmoja, Ngassa, mtu wa hapa hapa Kahama, huyo kauangalia mkono muda mrefu na hakusema kitu.

Mabula anaona ni mzaha mkubwa. Nimemwambia akome kucheka.

Jumamosi, 28 Juni

Duara limetema, dhahabu imeonekana. Mabula kaja kanenepa, anang'aa, kaleta kitenge cha Mama na viatu vya mwanangu Shija. Bati za kuanzia keshanunua. Nimemfurahia sana.

Kisha nikamwambia anioneshe mkono. Umefifia, na umefifia vibaya. Sikufikiria jua, jasho, vumbi la mawe na sabuni ya unga wanayoogea huko. Uso wa mteja unapakwa mafuta asubuhi na jioni. Mkono wa mchimbaji nani anaupaka? Nimemwambia avae mikono mirefu. Kanishangaa. Shimoni wote wako vifua wazi, joto la mle halitaki shati.

Nilitaka nimrudishie rangi pale pale. Gari la kurudi lilikuwa linampigia honi. Kasema Julai atakuja bila kukosa.

Jumatano, 13 Agosti

Julai hakuja. Kaja leo, mkono kaufunga kitambaa. Nikafungua. Yesu wangu.

Mwekundu. Mistari yote mitatu, rangi ya kutu. Weusi wote umetoka, umebaki ule wekundu wa chini. Ndiyo tabia ya kahawia, weusi unatangulia, wekundu unabaki. Kila fundi wa nyusi anajua. Nyusi zangu mimi ziko hivyo hivyo, nazipitishia wanja kila asubuhi ili nisiwakimbize wateja.

Nikamwambia ni kawaida, wala asiogope. Akakaa sakafuni. Ndipo akasema. Siku ile ya kiapo mganga alitamka mbele ya wote, na maneno yake aliyasikia kwa wenzake waliporudi kumtembelea kitandani: atakayeficha jiwe la wenzake, chale zake zitageuka nyekundu.

Hakuniambia! Machi alikaa kwenye kiti hiki hiki akanieleza kila kitu, hilo akaliacha. Alidhani halimhusu kwa kuwa yeye haibi. Nimemfokea mpaka muuza mitumba wa jirani kachungulia. Halafu nikanyamaza. Maana na mimi sikumwambia kwamba kahawia huishia wekundu. Hakuuliza, sikusema. Kila mtu kakaa na lake, na sasa liko mkononi mwake.

Wameiona? Wameiona. Amewaambia ameungua na mvuke wa sufuria. Na dhahabu tangu mwezi uanze imekatika.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda Kharumwa kwa Mama. Nilijua atatutukana. Hakututukana, na hilo limeniogopesha zaidi.

Kamshika Mabula mkono, kauvuta mpaka kwenye paji la uso wake. Chale za Mama ziko hapo, alichanjwa hajaota meno, degedege lilikuwa linamsumbua. Nyeusi tii mpaka leo. Kasema za kwake hakuna aliyemuuliza kama anazitaka, na ataondoka nazo duniani. Za Mabula kazitaka mwenyewe, na hata kukaa haziwezi. Kisha kasema kwa Kisukuma chetu, ni mbaya gete, mbaya kweli kweli, na kaingia jikoni.

Tukaanza kupanga. Mimi nikasema kuna kijana stendi anachora tatuu, nitachukua wino wake mweusi, nizamishe sindano vizuri, haitageuka tena maisha. Mama kasema aletewe wembe na masizi, amchanje yeye mwenyewe. Mama! Mzee wa kanisa! Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa aliposema hivyo.

Mabula kakataa yote. Wameshaiona nyekundu. Ikirudi nyeusi atasemaje? Akienda na kidonda kibichi atasemaje? Anasema kweli, na hiyo kweli imenikera. Basi aache shimo, nikamwambia. Akasema akiondoka sasa ndiyo atakuwa amekiri wizi, na watamfuata popote. Bora abaki afanye kazi mbele ya macho yao.

Kaondoka hata ugali hajaumaliza.

Jumatatu, 8 Septemba

Shimo limeporomoka. Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yameachia upande mmoja. Doto, mmoja wa wale sita, kavunjika mguu. Mabula ndiye aliyemfukua kwa mikono na kumtoa mpaka juu.

Shukrani yake hii hapa. Walipomaliza kumpeleka Doto zahanati wakakaa kikao, Mzee Luhende akaamuru kila mtu anyooshe mkono wa kulia. Mikono minne, mistari myeusi, imevimba. Mmoja mwekundu, bapa. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemsemesha pia. Chakula wamemwekea pembeni.

Kanipigia ananong'ona. Nyuma yake namsikia Ester anavuta kamasi. Nimemwambia aondoke leo hii. Kasema baada ya mgao wa mwisho wa mwezi. Mgao! Mtu yuko mdomoni mwa mamba anasubiri mgao. Nimemkatia simu kwa hasira, na sasa najuta.

Ijumaa, 19 Septemba

Niandike.

Mchana kaingia mwanamke wa baibui, mpole, anaitwa Sofia. Anataka nyusi. Nyuma yake mume wake. Nilimjua kabla hajataja jina, Mabula alishanieleza lile kovu la kidevuni. Ngassa. Shati kakunja mpaka kiwiko. Mistari mitatu, myeusi, minene kama minyoo.

Nikasema karibuni. Sauti haikutikisika, hapo najisifu. Nimempima Sofia kwa uzi, nimemchorea, nimempaka ganzi, nimeanza. Ngassa kakaa kwenye benchi. Simu hashiki. Ananiangalia mimi, mkewe hata hamtazami.

"Dada, hizi zinakaa muda gani?"

Swali lile lile la kila siku. Mdomo ukajibu wenyewe. Mwaka, mwaka na nusu.

"Zikizeeka zinakuwaje?"

Zinafifia tu, nikasema.

Umeme ulikuwa umekatika, feni imelala, mashine inakwenda kwa chaji. Jasho linanichuruzika mpaka machoni. Nikajifuta uso kwa kitambaa, wala sikufikiri. Wanja wote ukaja na kitambaa.

Akasimama. Akasogea mpaka karibu, akainama, akaziangalia nyusi zangu taratibu, kama wachimbaji wanavyoangalia jiwe lililovunjwa.

"Rangi ya mkono wa Mabula," akasema. "Kwa hiyo sisi tumekatwa wembe, yeye kapakwa rangi."

Sofia alikuwa amefumba macho, nikasikia ngozi yake inakaza chini ya kidole changu. Ngassa akarudi kwenye benchi akasubiri nimalize. Akasubiri! Nikamaliza, zote mbili, zimelingana. Kasema asante dada, kazi nzuri. Wakaondoka. Nikafunga mlango.

Angekuwa mwizi tu wangemtoza, wangemfukuza, basi. Sasa wanajua hakuwahi kuapa nao. Mguu wa Doto ni wake. Dhahabu iliyokatika ni yake. Kila baya la shimo lile tangu Machi watamtwika yeye.

Nimempigia hapo hapo. Hapatikani, yuko chini. Nimempigia Ester. Na tumbo lake lile kaenda kwa miguu mpaka kwenye shimo kumwita.

Jumamosi, 20 Septemba

Ameondoka. Ester alimwambia Mabula kwa sauti, wenzake wasikie, kwamba uchungu umemshika, apelekwe hospitali. Wakampisha. Mabula katoka na tope lake mwilini, hakuoga, nguo kaziacha kwenye kamba. Bodaboda mpaka lami, wakaachana hapo.

Alikokwenda najua. Siandiki, hata humu.

Ester yuko kwangu, kalala kitanda cha Shija. Miguu imemvimba. Hajaniambia neno baya hata moja. Ningependa aniambie.

Jumapili, 21 Septemba

Wachimbaji watatu wa shimo lile wamekwenda kwenye chumba cha Mabula na Ester, Masumbwe. Mwenye nyumba kasema hawakuvunja kitu. Wameketi tu barazani asubuhi mpaka jua la utosi, wakauliza kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka.

Naiogopa hiyo adabu yao.

Jumanne, 14 Oktoba

Ester kajifungua wiki iliyopita. Mvulana. Baba yake hajamwona.

Leo mteja mmoja, mama anayewauzia wachimbaji chakula huko Nyang'hwale, domo halina breki. Hanijui mimi ni nani wa nani. Kanisimulia akiwa kwenye kiti: kuna kijana anatafutwa, kaingia shimo la watu na chale za uongo, kamvunja mwenzake mguu, kafukuza dhahabu. Maduara yote wameambiwa, mpaka kwenye makarasha wanakosaga mawe. Jina anaweza kubadili, wasimuulize jina. Waangalie mkono wa kulia, mistari mitatu myekundu. "Haijifichi hiyo, dada," kaniambia, na macho kayatoa.

Nikamwambia asiongee, nyusi itapinda.

Machi nilijisifia mkono wangu. Sasa kazi ya mkono huo ndiyo itakayomkamatisha. Nina hasira na mimi mwenyewe, na Mabula, na mganga, na chupa.

Alhamisi, 6 Novemba

Kapiga kwa namba ngeni. Mzima. Anabeba mizigo, mahali pa joto, shati la mikono mirefu mchana kutwa. Wenzake wanamwita mgonjwa. Nimemwekea mtoto kwenye simu, kalia, na Mabula naye kalia.

Kisha kauliza itatoka lini.

Machi mpaka Agosti niliomba ikae. Sasa naomba itoke, imegoma. Imefika hapo ilipofika na imeganda. Kasugua limau na chumvi. Kakwaruza kwa jiwe, kikawa kidonda, kidonda kimepona, mistari ipo. Anataka kuweka chuma cha moto. Nimemkataza kwa ukali wote nilionao. Kovu la moto mkono ule ule, mahali pale pale? Watu waliokwisha kuambiwa waangalie mkono wa kulia watauliza chini yake kulikuwa na nini.

Nikamwambia avumilie. Mwaka, mwaka na nusu.

Akauliza: "Dada, za kwako zina muda gani?"

Nikasema salio linaisha, na yeye ndiye aliyepiga.

Nimekaa na hilo swali mchana mzima. Miaka yote nawaambia watu zinatoka. Nani nimemwona zimemtoka? Hakuna. Zikianza kufifia tu wanarudi nirudishie. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akangoja ziishe. Nilifundishwa kusema hivyo, nami nikasema, na mdogo wangu akaniamini.

Jumatano, 14 Januari

Sofia kaja. Peke yake. Nilimwambia arudi baada ya mwezi kwa ritachi, nimrudishie rangi, kachelewa sana. Kasimama mlangoni. Nilitaka kumfukuza, kisha nikaona kumfukuza nako ni jibu. Nikamkalisha. Ester kaingia chumba cha nyuma na mtoto, nikasikia komeo.

Kafumba macho. Nimeanza nyusi ya upande wa kulia. Mashine tu inalia, na mashine ya kusaga ya jirani. Nilipohamia kushoto akasema chinichini, midomo hata haichezi, kwamba bado wanaulizia.

"Mwambie asikunje shati."

Sijui ni huruma. Sijui katumwa. Nimemtazama usoni, macho kayafumba, usoni hamna kitu. Nikisema asante, nimekiri kwamba tunaongea naye. Mkono ulikuwa unataka kumshika bega. Nikasema usiongee, nyusi itapinda.

Nimemaliza. Kajitazama kwenye kioo, kazipenda. Kauliza zitakaa muda gani.

Nimemwambia sijui.

Alipokwisha kuondoka Ester katoka, mtoto kalala begani. Kamfanana baba yake mpaka masikio. Nimechemsha chai, tumekunywa. Mchana mteja mwingine, kope tu.

Wanja siku hizi sipaki. Wateja wengine wananiangalia, wananyamaza, shauri yao. Kila asubuhi nanawa uso, nasimama kwenye kioo. Chupa ile ile, wino ule ule. Siku nyusi zangu zikitoka nitajua na za Mabula zimekaribia, nitampigia aje amwone mwanawe. Zinakwenda mwaka wa tatu.

Leo nimeangalia. Zipo.